Reli ya Chini kwa Chini

Mama yangu, Mama Ombeni,

Pasta amenipigia simu asubuhi hii. Jumamosi tunakuzika, na anataka kuandaa yale maneno machache yatakayosomwa kanisani: ulizaliwa wapi, ulipita wapi, umeacha watoto wangapi. Akauliza kwa upole, "Dada, niandike watoto watatu ao wawili?" Nimemwahidi jibu kabla ya jioni. Kwa hiyo nimekaa jikoni kwako, kwenye kiti chako chenye mto wa maua, nakuandikia wewe kwanza, maana swali ni lako na umeniachia mimi.

Dio anataka tuseme wawili, yeye na mimi. Anasema kaka yetu Ombeni alipotea siku tulipokimbia vita kule Kivu, mimi nikiwa mgongoni kwako na yeye Dio hajazaliwa, na kwamba mtoto aliyepotea miaka yote hii amekufa, kila mtu anajua isipokuwa wewe. "Yaya, tulie mara moja, tumalize," aliniambia jana mimi dada yake mkubwa. Sikumkasirikia. Amechoka kuwa na kaka ambaye yeye hawezi kumlilia wala kumsalimia. Lakini nakumbuka jinsi wamama wa kanisa walivyokushauri ufanye matanga ya Ombeni, na jinsi ulivyowajibu bila kupandisha sauti, "Siwezi fanya matanga ya mtu iko mu njia." Walikunywa chai yako, wakaenda kukusema nje. Na mimi, Mama, moyoni nilikuwa upande wao.

Unajua mimi si mtu wa mizimu. Nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee, nimewafumba macho watu wengi, na hakuna hata mmoja aliyerudi kunidai soksi zake. Wewe ndiye uliyekuwa mtu wa mambo hayo, na yalikuanza Louisville, kule Kentucky, mji wetu wa kwanza Amerika, tulipokuwa bado tunaogopa kugusa vifungo vya jiko la umeme.

Unakumbuka ile kona ya mjini tuliyopaswa kungojea basi la kwenda kliniki? Ulikataa kusimama pale. Ulitutembeza hadi kituo cha mbele, kwenye baridi, na basi likatupita njiani huku tunalitazama. Nilikuuliza kwa hasira kwa nini. Ukasema, "Pale iko batu mingi." Mama, pale hapakuwa na mtu. Palikuwa na nguzo, pipa la taka na bango la chuma lenye maandishi ambayo wakati huo hakuna kati yetu aliyeweza kuyasoma. Niliyasoma baadaye, Kiingereza kiliponiingia. Bango lilisema kwamba mahali pale zamani palikuwa na zizi, na ndani ya zizi walifungiwa watu weusi wakingoja kuuzwa. Sikukuambia. Niliona ungenijibu kwamba ulishaniambia wewe.

Na lile daraja la waenda kwa miguu juu ya mto Ohio. Jumapili ile tulitoka kutembea kama familia zingine, watu wanakula aiskrimu, mbwa wamevalishwa nguo. Tulipofika katikati ukaanza kwenda mbio. Ulinishika mkono ukiuvuta, huku ukinong'ona, "Twende, twende, usiangalie nyuma," na mimi nilikuwa msichana mkubwa tayari, naona haya mbele ya watu. Tulipokanyaga ng'ambo uliketi kwenye majani ukahema kama umebeba gunia. Nilikuuliza nani anatufukuza. Ukasema, "Sijue. Miguu njo inajua." Dio alicheka sana, nami nikacheka naye, kisha jioni nikagundua mkono wangu una alama za vidole vyako.

Tukahamia Columbus, jimboni Ohio, kwa sababu ya kazi za maghala. Mimi nilifunga maboksi, wewe ukasafisha nyumba za watu. Kulikuwa na bibi mmoja mzungu mwenye nyumba ya matofali ya zamani, aliyekupenda kwa sababu hukuwahi kuvunja kitu. Siku moja nilikuja kukuchukua, akataka kutuonyesha fahari ya nyumba yake. Alisogeza kabati, na nyuma ya kabati palikuwa na mlango mdogo, na nyuma ya mlango chumba kisichotosha hata godoro. Alisema humo walifichwa watu. Mimi nilichungulia nikasema aisee. Wewe uliingia, ukainama, ukaweka kiganja ukutani, ukasema, "Pole." Ulipotoka uliniambia kwamba ukuta ulikuwa na joto, kama kiti ambacho mtu ametoka kukiinukia. Nilirudi kugusa ili nikuonyeshe unakosea. Tangu siku hiyo sikupenda kuja kukuchukua kwenye nyumba ile, na hukuniuliza sababu.

Halafu Buffalo, hapa West Side, kwenye nyumba hii ya mbao inayolia kila upepo ukivuma kutoka mtoni. Ni hapa ndipo ulipopewa jina la kitu ulichokuwa umekisikia muda wote. Darasa lako la Kiingereza lilipelekwa kando ya mto Niagara kufundishwa historia, nami nilikusindikiza kwa kuwa nilikuwa na siku ya mapumziko. Yule mama mzungu aliyetuongoza alieleza kwamba zamani watu walitoroka utumwa kule Kentucky, wakavuka mto Ohio, wakafichwa katika nyumba za watu jimbo zima la Ohio, wakafika hapa Buffalo, na kutoka ukingo huu wakavushwa kwa mashua hadi Kanada, ile ile Kanada unayoiona ukiwa unaanika nguo. Ulinitazama. "Donc ni njia yetu," ukasema. Kweli, ilikuwa njia yetu, mji kwa mji.

Aliyetafsiri alikuwa kijana wa Kitanzania, mwanafunzi wa chuo, mwenye Kiswahili kilichonyooshwa kwa pasi. Akasema, "Njia hiyo waliiita reli ya chini kwa chini." Kwake yeye jambo la chini kwa chini ni jambo la siri tu, la kunong'onezana. Lakini kwetu chini ni chini, ni udongo unaoukanyaga. Nikakuona unatazama miguu yako. "Banapita mu udongo?" ukamuuliza. Akacheka kwa adabu. "Hapana, mama. Ni kwa siri. Hata treni haikuwapo." Ulimshukuru, ukamwita mwanangu, na neno lake hukulipokea hata kidogo.

Kisha akatafsiri habari ya mwanamke mmoja aliyekuwa mtumwa. Kwamba alitoroka akafika salama, na badala ya kukaa, akarudi kusini tena na tena kuwachukua wengine, na hakukamatwa hata mara moja. Ulimshika yule kijana mkono. "Ule mama alikuwa anarudiaka? Kutafuta bale alibacha?" Akasema ndiyo, alikuwa anarudi. Ukajifunika uso kwa kitenge mbele ya darasa zima. Nyumbani, ukichambua mchele, uliniambia, "Ule alirudia. Miye sikurudia." Nikakujibu kwamba mimi nilikuwa mgongoni, kwamba risasi zilikuwa zinapigwa, kwamba mkono wa mtoto ulikuponyoka katika kundi la watu na kundi lilikuwa linakusukuma mbele. Ukasema, "Njo vile," ukaendelea na mchele.

Tangu siku hiyo ulianza kuweka sahani. Kila mchana, ukitoka kazini, kwenye ngazi za kushuka chumba cha chini, chenye mashine ya kupasha nyumba joto na masanduku yetu. Bugali, sombe ya majani ya muhogo, samaki siku ukiwa nao, umefunika kwa bakuli. Dio alisema utatuletea panya. Ulimwambia kwamba wanaopita wana njaa ya safari, na Ombeni naye akipita chini ya nyumba ya mama mwingine atapewa. Jioni sahani ilikuwa tupu, imesafishwa. Uliikagua kwenye mwanga wa dirisha, ukatikisa kichwa. "Si yeye. Ombeni hamalizake sombe." Tulikuwa na hakika kwamba unakula mwenyewe. Tulikutania mezani, nawe ulitabasamu, ukatuacha na hakika yetu.

Na vile vishindo vya chini ya nyumba je? Dio alisema kwa Kiingereza kwamba ni mabomba. Nilikubali, mpaka nilipopewa zamu za usiku na kuanza kulala mchana. Mama, mabomba hayatembei. Nililala kwenye chumba changu cha nyuma, jua la theluji limejaa dirishani, watoto wa jirani wakirudi shuleni, na chini ya kitanda, chini kabisa, watu walikuwa wakipita. Walitokea upande wa barabara wakaenda upande wa mto. Hawakukimbia. Wengine walikuwa na watoto, maana hatua ndogo zilifuata hatua kubwa kisha zikanyamaza, kama mtoto aliyebebwa. Kila mara walienda upande wa mto, na hakuna aliyewahi kurudi. Niliogopa kushuka, nikaogopa zaidi kukuambia, kwa sababu ningekuambia ungesema karibu.

Ulipolazwa hospitali uliniagiza kwa simu niweke sahani. Niliweka. Jioni nilikuta chakula kimekauka, sombe imefanya ngozi. Nilikudanganya kwamba kimeliwa chote. Ukashusha pumzi, ukasema, "Bon. Basi haiko yeye." Ulikuwa unaongea taratibu sana wakati huo.

Sasa sikiliza nilichotaka kukuandikia. Juzi, siku uliyotutoka, nilirudi hapa mchana kuchukua nguo zako za kuvalishwa. Dio alibaki hospitali. Nilikuwa nimesimama hapa jikoni, kitenge chako cha bluu mkononi, nikasikia hatua chini. Nilizijua, nikangoja zielekee mtoni kama siku zote. Hazikuelekea mtoni. Zilitokea mtoni. Zilikuja chini ya sinki, chini ya meza, chini ya miguu yangu, zikaenda upande wa barabara, kusini, kule wenzake wote walikotoka. Alikuwa mtu mmoja, mwanamke, naweza kuapa, anatembea haraka kama anayechelewa soko. Wewe miaka hii ya mwisho ulikuwa unaburuta mguu wa kulia. Huyu hakuburuta. Chini ya kizingiti cha mlango wa mbele akasimama kidogo. Halafu akaendelea, na nyumba ikatulia, na imetulia mpaka sasa ninapoandika. Hata mashine ya joto ikiwaka naisikia ni mashine tu.

Niliogopa, Mama. Sitajifanya shujaa. Nilikaa sakafuni na kitenge chako kichwani mpaka Dio akaja. Sikumwambia.

Lakini leo, swali la pasta likiwa bado linaningoja, nimelisikia neno lako kama ulivyolisema. Ulisema Ombeni yuko njiani. Hukusema hata siku moja kwamba yuko hai. Sisi ndio tuliojaza hayo. Na njia yenyewe ulituonyesha kila mchana, uliposhuka ngazi na sahani mkononi. Nani anapita chini ya udongo? Ulijua tangu siku ile kando ya mto, na labda tangu zamani zaidi, tangu kwenye kambi ya wakimbizi. Yule kijana alipokuambia reli ya chini kwa chini, hukukosea kuelewa. Ulipata tu jina. Hukuwa ukimngoja mtoto apige simu. Ulikuwa ukimngoja marehemu wako afike, na ulikataa matanga kwa sababu watu wanakaa matanga kwa aliyefika, si kwa mtoto ambaye bado anatembea peke yake gizani bila kujua nyumba ni ipi. Ulibeba msiba mzima bila mtu wa kukusaidia kuulilia, na sisi tukakutania kuhusu panya. Naumia, Mama. Naumia kuliko nilivyoumia pale hospitali.

Nimempigia pasta. Nimemwambia aandike kwamba umeacha watoto wawili, na kwamba umetanguliwa na mwanao wa kwanza, Ombeni. Alikujua, alijua ulivyokuwa ukijibu. "Dada, uko hakika? Mama alikuwa anasemaka iko mu njia."

"Iko mu njia, Pasta," nikamwambia. "Mama ameenda kumuchukua."

Nilisikia kalamu yake imesimama. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo, kama aandike na hilo. Nikamwambia aandike.

Nenda basi, Mama. Pita Columbus, pita Louisville, unazijua. Safari hii huna mtoto mgongoni. Mshike kwa mikono yote miwili.

Binti yako,
mdogo wake Ombeni