Gurudumu Lililolowekwa

Lusewa, 2 Julai 1993

Shikamoo Baba,

Sisi wazima. Mahindi yamejaa ghalani na mke wangu Fortunata ni mzito, mimba ya mwezi wa nane sasa. Hapo Bombambili mnaendeleaje? Kifua chako je?

Ushirika hauji tena kuchukua mahindi. Wenye malori wananunua barabara kuu tu, anayechelewa anabaki nayo. Basi nimepata mkokoteni wa ng'ombe, ule wa zamani wa misheni. Pete za chuma zilikuwa zinacheza kwenye magurudumu ya mbao, nikayaloweka mtoni siku mbili. Sasa zimekaza kama ngoma! Tarehe 19 tunapeleka magunia. Fortunata atakaa juu yake, halafu apande lori aje kujifungulia kwenu.

Mwanao,
Erasmus

Bombambili, 8 Julai 1993

Mwanangu Erasmus,

Marahaba. Kifua kibovu, mdomo mzima.

Barua yako imenitia hofu. Magurudumu hayo nayajua. La kushoto lina msalaba mdogo kwenye kitovu. Niliuchonga mimi nilipokuwa fundi wa misheni. Maji hukaza kwa siku chache tu. Mbao ikikauka inasinyaa, pete inachomoka, na spoku zinasambaratika. Dawa ni pete kukatwa kipande, kuungwa, na kuvishwa ikiwa nyekundu kwa moto. Niletee magurudumu kwa basi. Mahindi yaoze, sijali. Fortunata asipande.

Baba yako,
Urban

Lusewa, 14 Julai 1993

Shikamoo Baba,

Pole na kifua. Fortunata anasema, mwambie baba asigombe.

Nikileta magurudumu huko, malori yataondoka na mwaka huu tutakula mboga bila chumvi. Nitayaloweka tena kabla ya safari. Nimeyajaribu kwa magunia sita, hayakulia hata kidogo. Kuna mteremko mmoja tu mkali, ule wa mtoni.

Mwanao,
Erasmus

Bombambili, 17 Julai 1993

Erasmus,

Leo sina salamu. Gurudumu bovu likiwa kavu hulia, mtu akasimama. Lililolowa hunyamaza mpaka linapovunjika. Mteremko huo Fortunata aushuke kwa miguu, ukinisikia hilo tu nitashukuru. Barua hii nampa kondakta mkononi.

Baba

Bombambili, 30 Julai 1993

Wanangu Erasmus na Fortunata,

Hamjambo?

Jumamosi kondakta alishusha gurudumu moja kutoka juu ya basi. Lina msalaba wangu. Pete haipo, spoku nne zimevunjika, na limefungwa kwa kitenge cha Fortunata. Barua hakuna. Anasema alipewa barabarani na mtu asiyemjua, akaambiwa tu alilete kwangu. Ile yangu ya tarehe 17 amenirudishia, hakupata wa kuipokea.

Nimelitengeneza, maana sikujua nifanye nini kingine. Nimechonga spoku za mninga na kuvisha pete mpya. Liko hapa mlangoni.

Sigombi tena. Niandikieni, hata mstari mmoja, kwa mwandiko wa yeyote kati yenu.

Baba yenu,
Urban