Farasi Waliopita Kushoto

Jumamosi, 1 Machi

Tumepigwa. Si kupigwa — tumefagiliwa! Ligi ya mtandaoni ya mchezo wa vita wa kompyuta, watatu kwa watatu, na sisi tumerudi mkiani. Mimi nalinda ubavu wa kushoto, fundi kompyuta analinda wa kulia, kaka yuko katikati na mji wake uliotulia. Anachimba dhahabu, anajenga ngome, anaandaa jeshi la farasi la kumalizia vita. Ndiyo kazi ya katikati: sisi tunakula kipigo, yeye anashiba, halafu anatoka kutulipizia. Leo hakutoka. Farasi wa adui walipenya ukuta wangu wa miti, wakaingia kwake, wakachinja wanakijiji wake mmoja mmoja. Yeye kimya! Hata kengele ya kuwakimbiza watu ngomeni hakupiga.

Fundi akavua spika za masikioni, akanigeukia mimi. Eti ukuta wangu una matundu kama chandarua cha bwenini. Mbele ya wateja wake! Nikamjibu kila ukuta hupenyeka, jirani kazi yake kufungua macho. Kaka alicheka tu, akasema wale farasi walizuka. Walizuka — kama uyoga.

Nimesuka vichwa kutwa nzima, vidole vinawaka moto, halafu nimekwenda kulaumiwa. Lakini ukuta ulikuwa wangu, siwezi kukataa.

Jumapili, 2 Machi

Tena. Kushoto tena. Leo nilijenga ukuta wa mawe, wakaja na magogo ya kubomolea. Fundi anataka nitoke, aingie muuza viatu wa duka la pili. Kaka akakataa. Alisema huyu nimemlea mwenyewe, akitoka yeye, natoka na mimi.

Nimelia chooni. Mtu mzima, nalilia mchezo! Ila tangu mama afariki, kaka ndiye mama na ndiye baba, na hizi jioni dukani kwa fundi ndizo pekee ninapompata. Siku nyingine zote ni za basi lake na za wifi.

Jumanne, 4 Machi

Sijui nianzie wapi.

Nilimwomba fundi anifungulie marudio ya Jumamosi. Nilitaka nilione hilo tundu langu kwa macho yangu. Marudio yana kitufe: ukikibonyeza unaona skrini ya mchezaji yeyote kama alivyoiona mwenyewe, na mshale wake ukitembea. Nikamchagua kaka.

Farasi wanaingia. Wala hawakujificha. Wako kwenye skrini yake, upande wa kushoto, wekundu, wakubwa. Wanawachinja wakata miti mbele ya macho yake. Mshale wa kaka uko kulia, unapanga mashamba — unayapanga vizuri kabisa! Mwanakijiji wa mwisho akakimbilia kulia, farasi wakamfuata. Walipovuka tu katikati ya skrini, mshale ukaruka. Akawamaliza wote.

Nikafungua ya Jumapili. Vilevile. Ya juma lililopita. Vilevile.

Kaka haoni kushoto. Na kaka ndiye dereva wa basi la wafanyakazi wa kiwanda.

Fundi akaniuliza mbona nimebadilika rangi. Nikasema njaa.

Jumatano, 5 Machi

Nimepita kwao kuliangalia basi. Kioo cha kushoto kinaning'inia, bodi ina mkwaruzo kutoka mlangoni mpaka nyuma. Kaka anasema wamemgonga akiwa ameegesha. Anaamini kabisa, hadanganyi! Angekuwa anadanganya ningepata pa kumshikia.

Leo nimemsuka mteja mistari mitatu kulia, kushoto nikasahau. Akanikumbusha yeye.

Alhamisi, 6 Machi

Nimemwonyesha. Nilimsubiri fundi atoke kwenda kununua nyaya, nikamkalisha kaka mbele ya marudio. Nikamwambia atazame wakata miti wake.

Akatazama. Farasi wakaingia, wakachinja, damu mpaka chini. Akaniuliza nataka aone nini.

Nikaweka kidole kwenye kioo, juu ya farasi wenyewe. Hapa, kaka. Akakifuata kidole, akageuza kichwa, akawaona. Nikajua sasa ameelewa, moyo ukatulia. Halafu akasema kompyuta ya fundi ni mbovu, inachelewa kuwaonyesha, ndiyo maana wanazuka. Akarudisha macho kulia. Basi. Kwake wakawa wamekwisha.

Nikamwambia twende hospitali. Akauliza nani mgonjwa. Nikamwambia kwa upole, kisha kwa ukali, kisha kwa machozi. Alinijibu polepole, vile alivyokuwa akinifundisha kusoma: "Mdogo wangu, nyumba tunayolala ni ya kiwanda. Dereva asiyeona wanamtoa na magodoro yake. Hilo neno usilirudie popote."

Mficha maradhi kifo humuumbua, wanasema. Tena na huyu hafichi. Hana habari!

Ijumaa, 7 Machi

Tumeshinda, na ni siku mbaya kuliko zote.

Sikuweza kumwacha achinjwe tena. Kila kilichotokea kushoto nikakitaja kwenye maikrofoni. Kaka, mikuki kushoto. Kaka, wanabomoa ghala lako, kushoto. Akawa anageuza kichwa, anapiga. Jeshi lake lilipotoka, adui wote watatu wakasalimu amri. Fundi alinikumbatia, ukuta wangu sasa eti ni wa chuma.

Kaka alirudi nyumbani akipiga mluzi. Njiani akaniambia dawa imepatikana: atamwambia kondakta akae mbele, awe anamtajia kushoto kama mimi. Yule kondakta! Anayesinzia akisimama!

Mimi ndiye niliyemfundisha hilo. Nilikuwa namsaidia ashinde, kumbe nampa sababu ya kuendelea. Sina akili. Wanasema akili ni nywele, kila mtu ana zake; mimi nasuka za wenzangu tu.

Jumapili, 9 Machi

Sikwenda dukani. Nimekwenda kwa wifi, nimeamua kulala huku.

Kabla sijafungua mdomo akaanza yeye. Ananiuliza mwanamke ni nani. Nikashangaa — mwanamke gani? Akasema mume wake siku hizi hali chakula, anakula nusu sahani anasukuma, lazima anakula kwingine. Nusu ipi, wifi? Akaniona kichaa. Akafikiri. Kulia anamaliza, akasema. Kushoto anabakisha. Halafu analalamika nimempunjia.

Nikamwambia yote. Nilidhani tutakuwa wawili, tutamshika huku na huku mpaka kwa daktari. Alilia sana, akajifuta kwa kanga, akaniomba tungoje. Mkataba wa kaka unaandikwa upya mwisho wa mwezi. Tungoje mpaka hapo. Akiachishwa sasa, yeye na watoto watakwenda wapi? Kwangu, chumba kimoja?

Kwangu ni chumba kimoja kweli.

Watoto wanalala. Kaka anakoroma kama hana deni na mtu. Nampenda na ninatamani nimpige.

Jumatatu, 10 Machi

Alfajiri. Ninaandika ili mikono iwe na kazi.

Niliuchukua ufunguo wa basi msumarini, niufiche ndani ya kifuko changu cha vitana. Mlango wa bafu ukalia. Nikaogopa, nikauachia mezani — upande wa kushoto wa kiti chake, kando ya sahani. Haujafunikwa, hauna chochote juu yake. Akaketi. Akanywa chai, akamaliza mkate wa upande wa kulia. Akanyanyuka kwenda msumarini.

Anautafuta. Ametazama kabatini, mfukoni, chini ya kochi. Amerudi mezani mara ya pili. Mimi niko ng'ambo ya meza, naandika. Akigeuza kichwa kidogo tu ataupata, na ataondoka, na watu wa zamu ya asubuhi wamesimama kandokando ya barabara yote.

Simu yake inaita, ni msimamizi wa zamu. Amesema anakuja, anakuja sasa hivi.

Wifi ametokea mlangoni na ufagio. Ameutazama ufunguo. Amenitazama. Nilidhani atausema. Hajasema. Ufagio umeanguka, hauokoti.

Kaka amechoka. Ameegemea meza kwa mikono miwili, anahema. Kiganja chake cha kushoto kimekaa juu ya ufunguo na hana habari — juu yake kabisa, ile pete ya chuma inachungulia kati ya vidole.

"Mdogo wangu," ananiuliza, "una hakika hujauona?"