Damu Tuliyomnyima Seif

Mjukuu wangu Zuhura,

Asalaam aleikum. Huku Mkongo sote wazima, mpunga umezaa. Unasema huko maabara mnatoa mbegu za damu kwenye uboho, mnazirekebisha, mnamrudishia mgonjwa. Unauliza kama nitakubali kukupa damu yangu muipime.

Enzi za ruksa, miaka ile ya themanini, kaka yangu Seif aliugua saratani hiyohiyo ya damu unayoisoma. Hospitali ikataka damu yetu, ndugu zake. Mama akanong'ona, "Mumiani hao, wanyonya damu!" Akatupandisha dunguni, kibanda chetu cha kulindia mpunga. Tulishuka tulipoitwa msibani. Maskini mama, aliogopa kupoteza watoto wote kwa ajili ya mmoja.

Njoo na sindano yako. Dungu bado lipo, ila safari hii utanikuta chini.

Bibi yako