Maziwa Niliyokunyima

Akinyi,

Leo nimechuma majani chai kwenye mstari uliokuwa wetu, na mara mbili nimegeuka nikuongeleshe. Nafasi yako amepewa mama mwingine. Ni mpole, hasemi sana, lakini bado nasikia kikohozi chako nyuma yangu.

Tangu tukuzike kuna neno nalikwepa. Wacha niliseme.

Siku ile ulitoka kliniki, mimba ina miezi mitano, ukasema sista amekupima damu. Majibu hukuniambia. Ulisema tu, "Ameniambia nikule vizuri, Mama Kiprono. Mayai, maziwa, mboga. Eti mtoto haongezeki." Basi nikawa nakuletea maziwa ya ng'ombe wetu kila asubuhi. Ulikunywa umesimama, ukifuta mdomo na leso, ukicheka.

Halafu kule laini, kwenye nyumba za wafanyakazi, watu wakaanza kunong'ona kuhusu ukimwi. Nikaogopa hata kikombe ulichoshika. Nikaacha kuleta. Wiki ya pili ukaniuliza, "Ng'ombe imekauka?"

Nikasema ndiyo.

Ulinitazama kidogo, ukasema, "Pole. Sasa watoto wako watakunywa nini?"

Hilo ndilo linaloninyima usingizi, Akinyi. Ulikuwa na njaa ya watu wawili, na ukawahurumia watoto wangu.

Ulijifungua kabla ya wakati. Mtoto wako Adhiambo alitoshea kwenye viganja vyangu. Sijui kama maziwa yale yangebadilisha kitu. Nilimuuliza sista, baada ya wewe kwenda. Aliinama akaendelea kuandika kadi.

Mtoto yuko kwangu. Mama yako alikuja kumchukua, lakini magoti yake hayawezi tena kumbeba mtoto, tukakubaliana abaki. Mume wangu alinuna siku tatu. Ya nne nikamkuta amempakata, anamlisha uji. Adhiambo ameota meno mawili. Wakati mwingine ananitazama vile ulivyonitazama, bila lawama yoyote, na mimi naangalia kando.

Kliniki wamesema damu yake ipimwe akifika mwaka mmoja na nusu. Naogopa hiyo siku. Lakini nitambeba mwenyewe, na wakisema lolote, tutarudi naye nyumbani, na atakula sahani moja na Kiprono.

Pumzika sasa. Sikuombi unisamehe. Wewe mwangalie tu mtoto kutoka huko uliko, nami nitamwangalia kutoka huku.

Mama Kiprono