Kaptura za Mwalimu Wamae

Jumatatu, 30 Juni 1986

Leo ripoti zimetolewa. Si za sisi wafanyakazi — zao! Watu wazima kumi na wanne wamepangwa mstari uwanjani, wafupi mbele warefu nyuma, na Mwalimu Wamae akasoma nafasi ya kila mmoja. Magdaline, miaka thelathini na sita, amekuwa wa tatu. Theuri wa mwisho. Maoni ya mwalimu: aongeze bidii. Bidii ya nini? Mtihani haukufanywa. Somo halijafundishwa hata moja tangu nije hapa. Theuri mwenyewe amekunja karatasi yake vizuri akaitia mfukoni, furaha tele, kwa sababu ina muhuri.

Huyu Wamae alikuwa hedmasta wa praimari miaka ishirini na saba. Alipostaafu, kamati ikamkabidhi makao haya. Watu ambao akili zao ni za polepole — kamati ikaona ni watoto tu, na nani anajua watoto kumshinda yeye? Akaja na kengele yake. Ikilia saa kumi na mbili wanaamka. Ikilia saa nne wanapewa uji. Ikilia saa kumi jioni wanaingia kitandani, jua bado liko juu, kwa sababu saa kumi shule hufungwa!

Magdaline kwao Wamagana alikuwa akikamua ng'ombe wawili kila asubuhi, peke yake. Hapa tuna ng'ombe watatu na hawagusi. Ati wanafunzi hawakamui.

Alhamisi, 3 Julai

Baridi ya kukata masikio. Mlima Kenya haujaonekana tangu Jumapili. Wanaume wetu wote kumi na mmoja wako ndani ya kaptura.

Ngatia ana miaka arobaini na tatu. Ana mvi kidevuni. Amesimama paredi magoti yakiwa ya kijivu kwa baridi, akijipiga mapaja. Nimemwambia Mwalimu, angalau mwezi huu wa Julai wavae suruali ndefu. Akanitazama kama mtu aliyesikia mbuzi akiongea. Uniform ni uniform, akasema.

Uniform gani? Kitambaa cha khaki kilichoahidiwa na kamati hakikuja, basi suruali walizotoka nazo kwao zikakatwa mwezi wa pili. Moja ya bluu, moja ya kahawia, moja ina mistari. Uniform ya rangi kumi na moja. Hata punda angecheka.

Wageni wanakuja tarehe kumi na mbili, kutoka Nairobi. Wale wanaotupa mablanketi. Mablanketi yenyewe yamefungiwa ofisini ili yakae mapya, yatandikwe siku yao. Wenye mablanketi wanalala na gunia juu.

Jumapili, 6 Julai

Gathoni, dada yake Ngatia, amekuja baada ya kanisa. Binti yake Watiri anaolewa. Jumamosi ijayo wakwe wanaleta mahari nyumbani kwake Wamagana, na mjomba lazima akae pale na wazee. Ana sehemu yake katika mambo hayo, bila yeye hayaendi sawa. Na Watiri ana mjomba mmoja tu duniani. Ngatia.

Ameomba siku moja. Moja! Atamchukua Jumamosi asubuhi, atamrudisha jioni.

Mwalimu alikuwa nyuma ya meza yake. Akafungua kitabu. Akakifunga. Akamwambia kwa sauti ya hekima kubwa kwamba wanafunzi hawatoki katikati ya muhula.

"Ati muhula?" Gathoni akauliza. "Mwalimu, huyu ni ndugu yangu mkubwa. Ni yeye alinibeba mgongoni."

Mwalimu akasema anaelewa uchungu wa mzazi. Mzazi! Mtu ni mdogo wake! Kisha ikatoka sababu yenyewe: Jumamosi ndiyo siku ya wageni, na Ngatia ndiye mpiga ngoma wa kwaya. Bila Ngatia kwaya ni kelele.

Gathoni amelia nje ya ukuta wa jikoni. Nimempa chai. Ngatia alikuwa amekaa karibu naye, amemshika mkono, anamwambia usirie, usirie, mimi nakuja.

Jumatatu, 7 Julai

Ngatia ameniuliza mara tisa kama kesho ni Jumamosi.

Jumatano, 9 Julai

Zoezi la kwaya. Ngatia hakupiga ngoma. Ameiweka chini, amekaa juu yake, amekunja mikono.

Mwalimu: "Ngatia, piga."

Ngatia: "Niko na kazi Jumamosi. Mimi ndio mjomba."

Wengine wakacheka, si kwa ubaya, walifurahi tu kusikia mtu anajibu. Mwalimu akapandwa na hasira. Akampeleka kwenye kona ya darasa la zamani, uso ukutani, mikono juu. Mwanaume aliyetahiriwa! Tangu saa tano hadi kengele ya chakula. Nilipita mara mbili na ndoo. Mara ya pili mikono ilikuwa inatetemeka lakini hajaishusha.

Nilimfuata Mwalimu ofisini. Nikamwambia hivi si vizuri. Nikamwambia kwetu huko Busia, na najua hata huku kwenu, mtu akitahiriwa haitwi mtoto tena, hata akili yake iwe namna gani. Akanijibu kwa upole, upole wake ule unaokera kuliko matusi: "Mama Masinde, wewe ni mgeni huku. Usinifundishe mambo ya Wagikuyu. Huyu alipelekwa kutahiriwa na wenzake, sawa. Lakini hakuelewa."

Hakuelewa! Na nani alielewa siku ile, miongoni mwao wote?

Nimemwambia mume wangu, Wandera. Amefika tu kutoka stesheni, hata buti hajavua. Akasema nisijitie matatani, kazi ni ngumu kupatikana, na yeye akifutwa kesho tutakula nini. Ni kweli. Nimempakulia chakula. Nina hasira mpaka kichwa kinagonga.

Ijumaa, 11 Julai

Usafi wa uongo siku nzima. Mablanketi yametoka ofisini, mapya, bado yana harufu ya dukani. Maua kwenye chupa za dawa. Viti kumi na vinne vya kukopa kutoka kanisani — siku nyingine wanakula wamekaa kwenye nyasi. Kibao kimeandikwa upya: KARIBU KWA WATOTO WETU. Theuri ana kipara.

Niliomba tena ruhusa ya Ngatia. Niiandikie kamati barua, akasema Mwalimu. Kamati hukutana Septemba.

Baada ya chakula Ngatia alinifuata chumba cha kushonea. Hakuuliza siku. Sasa anajua ni kesho, amehesabu mwenyewe kwa vidole, nilimwona. Alisimama mlangoni kwa adabu.

"Mama Masinde. Nipe suruari yangu. Ire mama arininunuria."

Mama yake alimnunulia Nyeri mjini, wiki ile ya kumleta hapa. Alikuwa tayari mgonjwa. Alikufa kabla ya Pasaka.

Nikamwambia nitaitafuta.

Jumamosi, 12 Julai

Naandika mchana, nimejifungia chumba cha kushonea.

Wageni walifika saa nne. Wazungu wanane, na kamera. Wakaonyeshwa vitanda. Mama mmoja mwenye kofia akapapasa blanketi, akasema ni faraja kuona vitu vinatumika. Nilikuwa nimesimama pale pale na mashuka mkononi. Nikaendelea kuyakunja.

Kwaya ikapangwa. Ngatia mbele na ngoma. Hakupiga. Wakaimba bila ngoma, kelele tupu, wageni wakapiga makofi hata hivyo.

Ndipo pikapu ikaingia langoni. Gathoni mbele, na wazee wanne nyuma, makoti na kofia, fimbo mkononi. Wakwe walikuwa wameshafika Wamagana. Wazee walikataa kuanza. Wakasema basi twende tumchukue wenyewe, kwani amefungwa?

Mwalimu akawakimbilia akicheka meno yote, akidhani ni wageni wengine!

Anayewaongoza anaitwa Muriithi. Akapita katikati ya wazungu na viti, moja kwa moja hadi kwa Ngatia. Walitahiriwa siku moja, mwaka wa hamsini na tisa. Nilijua kabla Gathoni hajaninong'oneza, kwa sababu Ngatia alipomwona aliweka ngoma chini, akasimama wima, akamsalimia kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. Sauti ya mtu mzima. Muriithi akavua kofia. Wakashikana mikono muda mrefu.

Kisha Muriithi akatazama chini. Magoti.

Uwanja wote ukatazama alipotazama, hata wageni ambao hawakuelewa chochote.

"Nani amevalisha huyu mtu nguo ya kihii?" Akasema kwa Kiswahili, ili sote tusikie. Kihii ni mvulana ambaye hajatahiriwa. Huku hakuna tusi zito kuliko hilo.

Mwalimu akaanza: utaratibu, uniform, usafi. Muriithi hakumtazama. "Hawezi kukaa na wakwe hivi. Suruari yake iko wapi? Mama yake arinunua, tukiwa pamoja dukani. Ya kijivu."

Gathoni akasema ndiyo, ya kijivu, nzuri.

Mwalimu akageuka. Akanyoosha kidole, huyo shujaa. "Nguo ni idara ya Mama Masinde."

Wote wakaniangalia. Ngatia pia. Akatabasamu. "Anaitafuta," akawaambia. "Ariniambia jana."

Nikasema ngojeni. Nikaja huku.

Miezi mitano nimemcheka Wamae katika kitabu hiki. Kengele yake, ripoti zake, kaptura zake. Kaptura zake! Yeye hajui hata kutia uzi kwenye sindano. Nilizikata mimi. Siku mbili, mkasi huu huu, suruali kumi na moja. Alisema kata, nikakata. Nilipofika kwa ile ya kijivu nilijua ni mpya, lebo ilikuwa bado imeshonwa kiunoni. Nikafikiri: ni hasara. Basi. Nilifikiria kitambaa! Vipande vya miguu nikaunganisha nikafanya foronya ya mto ninaokalia hapa. Ninaukalia sasa.

Nimeangalia kabati lote kama mjinga, kana kwamba kuna nyingine itatokea. Ya Wandera ingemfaa, lakini nyumbani kwetu ni Skuta, mbali na hapa, na wakwe wanangoja. Wazee wamekaa kwenye viti vya wageni. Mwalimu anagonga kengele, sijui ya nini, hakuna anayeinuka.

Kuna mtu mlangoni. Anabisha polepole, kwa adabu.

"Mama Masinde? Umeipata?"

Ameivaa, ile ya kijivu, imeishia magotini.