Mguu wa Baba

Dada,

Shikamoo. Huku sote wazima, hata ile pikapu kuukuu. Wiki iliyopita nilibadilisha nyaya za breki ya mkono, maana za zamani zilishaliwa na kutu. Sasa nikiivuta, gari linatulia kwenye mteremko wa kiwandani kama limepigwa misumari.

Miaka minne tukipakia matofali pale, breki alikuwa Baba. Alikaa kwenye usukani, mguu juu ya pedeli, mpaka tumalize. Wapakiaji walimwita Mzee Breki, naye alipenda. Nilipomwambia sasa abaki nyumbani, aliuliza, "Kwani mguu wangu una kosa gani?" Niliwasha gari, nilikuwa nachelewa.

Juzi gari likaserereka likagonga ukuta. Kuchungulia chini, nyaya mpya zimekatwa kwa msumeno. Mtu ninayemfungia kamba za viatu, Dada, alijipenyeza chini ya gari. Hakukana. Alisema tu, "Si mimi nipo?"

Nyaya nyingine nimeshaweka. Wewe humtumia salamu tu. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Jumamosi uje umchukue. Akikuuliza kazi, mwambie huna gari.

Mdogo wako