Namba za Mto Kiwira, kwa Baba Mkwe

Baba mkwe mpendwa,

Loo, leo nazungumza nawe! Tangu niolewe na mwanao Ambakisye sijawahi. Kwa desturi yetu Wanyakyusa, mke wa mtoto hakutani na baba mkwe, hasemi naye, na jina lako silitamki hata sasa. Lakini karatasi haina macho, basi niache niulize yote niliyoyabana.

Kwanza, ule mchezo wa migombani ulikuwa wa nini? Kila asubuhi nikishuka Kiwira kuchota maji, naona migomba inatikisika na upepo hakuna. Nikadhani nguruwe mwitu, unisamehe. Kumbe ni wewe na daftari la ofisi ya maji! Umekuja kusoma ubao wa namba uliosimikwa mtoni kupima kina cha maji, umeona kanga yangu, umejificha. Siku nyingine ulichoka kungoja ukarudi nyumbani bila kusoma kitu.

Sikujua hasara yake mpaka Ambakisye aliponieleza. Amepata nafasi ya chuo kikuu, Uganda, anataka kusomea sayansi aje afanye kazi ya maji. Bwana Maji wa Mbeya amemwambia, "Barua ya kukuombea msaada wa masomo nitaandika. Ila nataka daftari la mto wenu la mwaka mzima, kuanzia Januari, lisiruke hata siku moja." Nilishtuka. Daftari litaruka, na sababu ni mimi!

Nikajiuliza, kwani ule ubao unamtaka mwanaume? Darasa la nne nimefika. Januari ilipoingia nikausoma, nikaandika kwa mkaa juu ya ganda la mgomba, nikaliacha kwenye jiwe la njia panda na kokoto juu yake. Nikaondoka bila kugeuka. Nilitamani kugeuka, baba! Uliniamini, au ulishuka kupima upya? Ambakisye alisema ulicheka peke yako, ukasema, "Huyu anasoma vizuri, ila saba yake ina kiburi." Basi nikairekebisha saba yangu. Uliiona?

Tukaenda hivyo miezi kumi na moja, mimi na ganda, wewe na daftari. Desemba homa ikakuchukua. Asubuhi ya kukuzika, wanawake wanalia uani, mimi nikachukua ndoo na daftari lako. Shangazi yake Ambakisye akanikamata mkono: "Mkwe gani wewe! Baba hajazikwa, unakwenda mtoni?"

"Shangazi, mto haujasomwa."

Akaniachia. Nikashuka. Migomba ilikuwa imetulia tuli, na hapo ndipo nililia kwa sauti. Kisha nikafuta macho nikasoma, na kwa mara ya kwanza nikaandika namba ndani ya daftari lenyewe.

Halikuruka hata siku moja. Bwana Maji aliandika barua, na mwanao yuko chuoni. Anasema wanajifunza mto unapata wapi maji wakati wa kiangazi. Wapi, baba? Namuuliza kila barua mpaka analalamika nimemchosha. Akirudi atanifundisha yote, atake asitake.

Ofisi imeniachia daftari. Hakuna tena wa kumpisha njiani, najua. Lakini kila asubuhi, kabla sijafika kwenye migomba, nakohoa kidogo, upate nafasi ya kujificha.

Kiwira leo ni futi mbili na nusu. Lala salama.

Mkweo